Kilichosikika Sikio la Kushoto

"Rudia tena," Inspekta, mwanamke wa sauti ya taratibu, alisema. "Anzia pale ulipokaa kitini."

Mwanamume aliyekuwa ng'ambo ya meza akashusha pumzi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limemkunjamana kwa kulala nalo mahabusu, masikio yamemtoka kama vishikio vya sufuria. Waliomjua walimwita Sikio, wala si kwa sababu ya umbo peke yake. Kusikiliza ndiyo ilikuwa kazi yake. Makampuni yalimletea spika za masikioni, zile ndogondogo za kuchomeka ndani kabisa ya tundu la sikio, nyingine za bei ya pikipiki. Yeye alizivaa, akasikiliza muziki, kisha akapanda mtandaoni kuwasimulia watu alichokisikia. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Alikuwa na wafuasi.

"Nilikaa kitini, nikavaa spika mpya, nikaweka wimbo. Sikusikia kingine chochote mpaka jua linazama."

"Na nyuma ya ukuta kaka yako anakata roho."

"Sikujua, afande."

"Ukuta wa tofali moja, bwana. Jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayejipangusa pua."

"Sikujua."

Koplo, mnene wa mwili na mwepesi wa maneno, aliguna huku akiandika. Naye alikuwa amechoka kuandika neno hilohilo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kaka mtu, mstaafu wa kiwanda cha uchapaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mpiga Chapa, alikutwa amekufa chumbani kwake, sakafuni, karibu na ukuta. Ngazi imeanguka. Kichwa kimepasuka upande, damu iko kwenye pembe ya meza na nyingine kwenye ngazi. Ngazi ni mali ya mdogo mtu, iliyokuwa ikiwekwa uani. Vifundo vya vidole vya mkono wa kulia vimechubuka, kama vya mtu aliyerushiana ngumi. Na daktari aliyeipasua maiti alisema jambo lililozidi kumtia Sikio pabaya: marehemu hakufa papo hapo. Alikaa hai kwa muda, pengine muda mrefu. Kwa hiyo ama mdogo mtu alimpiga akamwacha, ama alimsikia akanyamaza. Mkuu wa kituo alikwisha sema kwamba kwake yeye yote mawili yanatosha.

Inspekta alifunga faili. "Basi nieleze ulichokuwa unakisikia."

"Huko kwenye muziki?"

"Hukohuko."

Sikio alimtazama kuona kama anadhihakiwa. Alipoona sivyo, mabega yakamshuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aletwe hapo kuulizwa jambo analolijua.

"Ni wimbo wa zamani. Magita mawili na mama mmoja anaimba, basi. Nimeanza kuusikiliza kabla sijaota ndevu. Spika mpya ikija naipima kwa wimbo huo, kwa sababu naujua kama ulimi unavyoyajua meno. Sasa hizi, afande..." Alifumba macho. "Besi imetulia, inashuka chini bila kutibua maji. Gita la kulia, ukitaka unahesabu kucha za mpigaji. Mama akianza kuimba yuko hapa," akagusa katikati ya paji la uso, "unasikia ulimi unavyoachana na mate. Sauti za juu haziumi. Zinameta tu, kama mchanga juani."

"Na chumvi ikiyeyuka unaisikia?" Koplo aliuliza.

Inspekta akamtupia jicho. Koplo akarudi kwenye karatasi yake.

"Na kuna kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa spika yoyote," Sikio aliendelea, macho bado yamefumba. "Nyuma kabisa, kushoto. Ngo, ngo, ngo. Mbao inagongwa, polepole. Haifuati mdundo, inaburuta kidogo. Nadhani kuna mtu alikuwa anapiga mguu sakafuni walipokuwa wanarekodi. Miaka yote hiyo mlio umejificha, hizi spika zimekwenda kuutoa mafichoni. Nilisisimka mwili mzima. Nikasema hiki sasa ndicho chombo."

"Koplo, hilo la mbao umeliandika?"

"Mbao nayo ni ushahidi, afande?"

"Liandike."

*

Dada mtu alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Yeye ndiye wa katikati kuzaliwa, na sasa ndiye mkubwa. Yeye ndiye aliyeukuta mwili alipokwenda asubuhi kumpelekea kaka yake nguo alizomfulia, na yeye ndiye aliyewaambia polisi wamkamate mdogo wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Hawa hawakusalimiana tangu mama azikwe. Nyumba moja, baba mmoja, mama mmoja. Mimi nilikuwa napeleka salamu huku nazirudisha kule kama tarishi."

"Waligombania nini?"

"Kelele." Alitikisa kichwa. "Utacheka. Kaka amefanya kazi na mashine maisha yake yote, alipostaafu akataka kimya. Mdogo wangu naye alikuwa na masipika makubwa kama makabati. Walitupiana maneno mpaka kaka akachukua tofali na saruji, akauziba mlango wa katikati kwa mkono wake. Akamwambia, sitaki kusikia chochote kutoka kwako. Na huyu akajibu, hata mimi kutoka kwako. Akauza masipika, akaanza hivi vidude vya masikioni."

"Mlango huo ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwa kaka. Ukiingia, ukuta wa mbele."

Inspekta akasimama. Kwenye ramani ya chumba aliyokabidhiwa hapakuwa na mlango wowote ulioandikwa hapo.

*

Walifika nyumbani jua likiwa la mchana mweupe. Upande wa Mpiga Chapa kila kitu kilikuwa kimoja: kiti kimoja, kikombe kimoja, taulo moja msumarini. Taa mpya ilikuwa bado ndani ya boksi lake juu ya meza, na holda iliyokuwa darini ilikuwa tupu. Simu iko rafuni, imechomekwa kwenye chaji. Mtu aliyepanda ngazi kubadilisha taa hahitaji adui, Inspekta aliwaza. Ngazi mbovu inamtosha.

Aliichunguza ngazi. Askari waliofika mwanzo walikuwa wameiinua na kuiegemeza ukutani ili njia ipitike. Kidato cha tatu kilikuwa kimeachia upande mmoja, na msumari wenye kutu ulikuwa umechungulia nje.

"Koplo, nisaidie kuiondoa hapa."

Nyuma yake ukuta ulionyesha umbo la mlango ulioacha kuwa mlango. Ufundi ulikuwa wa mtu asiye fundi. Na chini, kimo cha mtu aliyelalia ubavu, rangi ilikuwa imepasuka na kumenyeka. Katikati palikuwa na doa la kahawia lililokauka. Inspekta alipiga magoti, akakunja vidole vyake mwenyewe na kuvisogeza karibu na doa bila kugusa. Vifundo vililingana na mahali.

"Hakurushiana ngumi na mtu," alisema.

Koplo hakutia mzaha safari hii. "Alikuwa anabisha hodi."

Walizunguka nje mpaka upande wa Sikio. Chumba kilijaa vijiboksi vyenye vijiboksi ndani yake. Pale mlango ulipokuwa zamani palibaki kishubaka, na ndani ya kishubaka kiti cha kuegemea kilikuwa kimesukumwa mpaka kikagusa tofali. Mahali pa kuwekea kichwa palikuwa pameng'aa kwa mafuta ya nywele. Ukikaa hapo, ukuta uko kisogoni, zaidi upande wa kushoto.

Inspekta alivaa glavu, akatoa spika kwenye mfuko wa vielelezo, akazipangusa na kuzichomeka masikioni. Dunia ilizimika. Alikuwa hajawahi kuwa mahali penye kimya namna hiyo, hata nyumbani kwake ambako hakuna wa kumsemesha ila redio. Aliweka wimbo. Mama yule akaanza kuimba, naye ikambidi akubali kwamba Sikio hakuwa muongo: mama alikuwa pale, katikati ya paji la uso.

Walikuwa wamekubaliana. Koplo aende upande wa pili, apige kelele kwanza, kisha agonge ukuta. Inspekta alingoja. Wimbo ulikwenda, hakusikia kitu. Alichomoa spika moja na hapohapo sauti ya Koplo ikamvamia kutoka ukutani, "Nakufa! Nakufa jamani!" mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Alichomeka tena. Sauti ikafutika.

Kisha alilaza kichwa pale penye mafuta, kama mwenye kiti anavyokaa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Haikuja kwa njia ya masikio. Ilipanda kwenye kiti, ikaingia kisogoni, ikapita kwenye mifupa na kutokeza ndani ya muziki, nyuma kabisa, kushoto, laini, kama mbao inayogongwa na mtu asiye na haraka. Mtu asiyejua angeapa kwamba imo kwenye wimbo.

Alibaki amekaa mpaka Koplo akaja kuchungulia mlangoni.

"Afande? Umesikia?"

"Nimesikia."

*

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kufunga mianya. Inspekta alimtafuta kwa simu mzee aliyerekodi wimbo ule, na mzee akakasirika kuulizwa. "Mbao? Mbao gani? Nilirekodi sebuleni kwangu, nikazima feni, nikaitoa hata saa ya ukutani nje. Mle kuna magita mawili na yule mama. Anayesikia mbao ana mbao kichwani."

Kisha akafungua simulizi ambayo Sikio aliipandisha mtandaoni jioni ileile ya kifo, mwili haujaonwa na mtu. Sauti ya Sikio ilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu. Alieleza besi, akaeleza kucha, akafika kwenye mbao na kuwaambia wafuasi wake wautafute mlio huo, nyuma, kushoto. Chini yake watu walikuwa wamebishana mpaka basi. Mmoja alisema ameusikiliza wimbo kwa spika za kila aina, hakuna mbao. Sikio akamjibu, "Badilisha spika, ndugu yangu, usibadilishe ukweli."

Muuaji anayejitungia kisingizio hawezi kujitungia hodi ya anayemuua. Inspekta alilipeleka hilo kwa Mkuu wa kituo pamoja na kidato cha ngazi, picha ya ukuta na maneno ya daktari. Mkuu alisikiliza huku akikoroga chai.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Yaani unaniambia alisikia?"

"Alisikia, hakujua anasikia nini."

"Hiyo 'hakujua' umeitoa kichwani kwake au kichwani kwako?"

Inspekta alisogeza picha ya ukuta mbele yake.

"Mwekee wimbo huo mbele ya shahidi," Mkuu alisema. "Akikuonyesha mbao iko wapi, basi ni muongo, maana haipo. Akikosa kuionyesha, nitasaini aachiwe."

"Akikosa, mkuu, atajua."

"Atajua nini?"

"Atajua ilikuwa nini."

Mkuu aliacha kukoroga. Alitazama dirishani kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Unataka nimfunge asijue, au nimwachie akijua? Mimi sina njia ya tatu, mama. Wewe unayo?"

Hakuwa nayo. Alisimama ukumbini na kiboksi cha zile spika mkononi kwa muda uliomfanya Koplo arudi kumtafuta.

*

Sikio aliona kiboksi kabla hajaona uso wa Inspekta. Aliketi wima.

"Nataka unionyeshe ule mlio wa mbao," Inspekta alimwambia. "Ukiufikia, inua kidole."

"Sasa mmeanza kunielewa." Alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza. Alizichomeka spika kwa uangalifu wa mama anayemvisha mtoto, akazungusha kidogo mpaka zikakaa, akaweka wimbo mwenyewe. Akafumba macho.

Koplo alikuwa na kalamu tayari. Hakukuwa na sauti chumbani ila kiti kilicholia kidogo chini ya Sikio. Midomo yake ilikwenda na maneno ya mama yule. Kisha akainua kidole, kabla ya wakati, kama mtu anayeona mgeni wake akikata kona.

Kidole kilibaki juu.

Kilikaa. Kikaanza kushuka. Alikunja uso, akasukuma spika ya kushoto ndani zaidi, akarudisha wimbo nyuma. Kidole kikainuka tena, kikashuka tena. Mara ya tatu hakuinua kidole. Alikaa tu akisikiliza mpaka mwisho, mpaka gita la mwisho likanyamaza, kisha akazitoa na kuziweka mezani moja baada ya nyingine.

"Haumo," alisema.

"Haumo."

"Lakini niliusikia, afande. Wallahi niliusikia."

"Najua uliusikia. Kichwa chako kilikuwa kimelala ukutani. Pale palipokuwa na mlango." Inspekta alijilazimisha kumtazama usoni. "Kaka yako alianguka kwenye ngazi. Kidato kilimponyoka. Alijikokota mpaka pale akagonga. Tumeona alama. Sauti haipiti hizo spika, hata ukipiga mayowe. Lakini kugonga kunapita kwenye mifupa."

Sikio alitazama mikono yake. Mlango wa mahabusu ulifungwa mahali fulani kwa mbali naye akageuza kichwa kuelekea huko, halafu akakirudisha.

"Andika," alisema hatimaye.

"Si lazima sasa."

"Andika, afande. Hamjui muda. Mimi najua." Sauti yake ilikuwa kavu, sauti ya kazi. "Ulianza ubeti wa pili. Ulikuwa na nguvu. Kwenye kiitikio ukasimama, nikafikiri ndiyo mwisho, ukarudi. Wimbo ulipokwisha niliurudisha mwanzo ili niusikie vizuri. Mara hiyo ulikuwa mdogo. Umeachanaachana. Nikadhani mpira wa kuzibia sikio la kushoto haujakaa sawa." Aligusa sikio la kushoto. "Nikavua, chumba kilikuwa kimya. Nikatafuta mipira mikubwa zaidi. Ilikuwa chini ya maboksi, nilichelewa kuipata. Nilipovaa tena haukuwepo."

Kalamu ya Koplo ilikuwa imesimama. Inspekta aliivuta karatasi kwake, akaendelea kuandika mwenyewe.

"Nikawaambia watu mipira mikubwa inaua sauti za nyuma," Sikio alisema. "Liandike na hilo. Nimewaambia."

Akaliandika.

"Utaachiwa leo," alimwambia alipomaliza. "Dada yako yuko nje. Nitamweleza."

"Usimweleze wewe. Niliyesikia ni mimi."

Inspekta alimwita dada mtu, akatoka na kuuacha mlango wazi, kama taratibu zinavyotaka. Kutoka ukumbini aliwaona wote wawili. Dada mtu hakukaa. Alisimama na mkoba wake kifuani huku mdogo wake akizungumza, akitazama meza. Alizungumza kwa muda. Dada mtu hakumkatiza hata mara moja. Mdogo wake alipomaliza, alisogea akampiga bega kwa kiganja, kofi zito lililomfanya Koplo apige hatua mbele. Inspekta akamzuia kwa mkono. Kile kiganja kilikuwa bado kiko palepale begani, hakijaondoka.

"Alikugongea wewe," dada mtu alisema.

"Mimi."

"Mlango wa nje ulikuwa karibu zaidi. Nilimkuta mimi, najua alipokuwa. Angeufikia huo, watu wa barabarani wangemwona." Aliuweka mkoba mezani. "Aliuacha akaja kwako."

Sikio akaweka kichwa mezani.

Dada mtu alimwacha hivyo mpaka kilio kikamtoka na kikamwisha. Kisha akamwambia avae viatu. Koplo akakimbia kuvileta kutoka kaunta, vyote viwili mkono mmoja, akainama kuviweka chini miguuni pake bila neno.

"Tunakwenda wapi?" Sikio aliuliza.

"Kwangu. Kule hakukaliki."

Sikio alisaini palipotakiwa. Spika zilibaki kama kielelezo, naye hakuziulizia. Inspekta aliwasindikiza mpaka kizingitini akasimama hapo, maana zaidi ya hapo haikuwa kazi yake. Walivuka ua wa kituo, dada mtu mbele, mdogo wake nyuma akiburuta viatu ambavyo hakuvifunga kamba. Karibu na geti dada mtu alisema kitu bila kugeuka, na barabara ilikuwa na kelele. Sikio akaharakisha hatua, akamfikia ubavuni, akainamisha kichwa upande wake ili asikie.